Ukiingia kwenye mapenzi hapa Dar unategemea nini hasa, na mwenzako anajua?

Binti_Temeke (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa, naenda moja kwa moja.

Mimi naona mahusiano mengi ya mjini hapa hayavunjwi na usaliti. Usaliti unakuja mwishoni kabisa. Yanavunjika kwa sababu kila mtu kaingia na lake moyoni, halisemi, halafu anamnunia mwenzake kwa kutolitimiza. Siku ya ugomvi ndiyo mnagundua mmoja alikuwa anasubiri simu na mwingine anaamini mapenzi ni kutoa hela.

Mfano ninao mwenyewe. Nina mchumba, mtu mzima, kazi yake ipo bandarini. Kodi ya chumba changu nalipa miezi sita sita, nusu anatoa yeye, na hajawahi kuchelewesha. Lakini kunijulia hali ni mtihani. Juzi kati nimeugua malaria, nikaona muamala umeingia: hela ya dawa, na ya kutolea juu yake. Simu hakupiga. Nilipomuuliza akanijibu, "Sasa unataka nini kingine?" Na hakusema kwa dharau, jamani. Alikuwa anauliza kweli.

Naomba majibu ya watu wazima. Wewe unategemea nini, na ulishawahi kulitamka?

Fundi_Geti

Dada, huyo ndugu yangu mwachie. Mtoto wa kiume tangu anabalehe anaambiwa mwanaume ni kutafuta. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia mwanaume ni kupiga simu.

Mimi nachomelea mageti Gerezani. Natoka pale jioni macho yanawasha kwa ule mwanga, mikono imejaa vidonda vya cheche, nafungua simu nakuta "mbona kimya", "umeshanichoka", "sawa tu". Naandika nini hapo? Nikifika nyumbani nimebeba mkate, sukari na hela ya kesho. Hayo ndiyo maneno yangu. Kama mnataka maneno ya mdomoni mngetuambia mapema, badala ya kumsifia shoga yenu aliyenunuliwa friji.

Zena_wa_Buguruni

Mleta mada pole kwa malaria. Nimevuta kigoda, nasoma.

Mama_Vitumbua

Wanangu, mimi nipo Mbagala, nauza vitumbua tangu mwanangu wa kwanza nikiwa nimembeba mgongoni, na sasa naye ana watoto wake.

Marehemu mume wangu sikumbuki kama aliwahi kuniambia ananipenda. Ila mchele nilikuwa nauloweka mchana, usiku nausaga na tui na hiliki, natia hamira nauacha uumuke. Nikiamka alfajiri nakuta jiko limeshawashwa barazani, makaa yamekolea, chuma cha vitumbua kimepakwa mafuta kila shimo, na ile njiti ya kugeuzia ipo juu ya sahani, imeoshwa. Yeye kesharudi kulala kidogo kabla ya kwenda kibaruani.

Na tulikuwa tunagombana, msidhani. Alikuwa mkali yule. Tunaweza kununiana wiki, lakini jiko nalikuta limewashwa vilevile. Kwa hiyo mwanangu Binti Temeke, simu isikusumbue sana. Mtazame anafanya nini siku aliyokukasirikia.

Binti_Temeke

Shikamoo mama, na ahsante. Akinikasirikia kodi inakuja vilevile. Umenipa la kufikiria.

Kisiki_cha_Mpingo

Shikamoo Mama Vitumbua. Mzee wako alikuwa wa zama zile. Za sasa hivi ni hivi: namba unapewa Jumatatu, Jumatano gesi imeisha, Ijumaa hela ya kusuka imepelea, bando halipo, kikoba kinamdai. Ukituma nauli aje, simu inazimwa, na nauli imeliwa. Hicho ndicho wanachotegemea, mtu wa kumbebesha matatizo.

Na chanzo kinajulikana. Dar wanawake ni mara tatu ya wanaume, wanaume wenye hela wachache wanagombaniwa, kwa hiyo mapenzi yamegeuka mnada. Mimi ni kataa ndoa na sijifichi.

Hesabu_Haidanganyi

Mara tatu umeitoa wapi mkuu? Sensa ya 2022 inasema mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Wanawake 2,783,710, wanaume 2,600,018. Tofauti haifiki laki mbili kwenye watu zaidi ya milioni tano. Tafuta sababu nyingine.

Kisiki_cha_Mpingo

Sasa hapo toa watoto, toa wazee, toa waliooa, toa wasio na kipato, uniambie wanabaki wangapi. Hoja yangu ipo palepale.

Hesabu_Haidanganyi

Ukiwatoa upande wa wanaume, watoe na upande wa wanawake. Huwezi kufyeka shamba moja.

Nuru_Tabata

Kisiki, hilo la gesi nakujibu mimi, maana nina fremu yangu ya nguo na mtungi najaza kwa hela yangu.

Nikimwambia mwanaume gesi imeisha, mara nyingi sihitaji gesi. Nataka kuona atafanyaje. Kuna anayenuna, kuna anayetuma hela na kukaa kimya, na kuna anayesema "leo sina, njoo tule huku, mwisho wa mwezi tutaangalia." Huyu wa tatu kwangu ndiye aliyefaulu. Amenionyesha shida yangu ni yetu, na hakunidanganya kuhusu mfuko wake.

Na msidhani sisi hatutoi. Mwenzangu alikuwa na pikipiki ya mkataba, kila siku apeleke hesabu kwa mwenye chombo mpaka iwe yake. Siku abiria hakuna, hesabu namjazia mimi. Mvua za masika, anashinda amejikunyata chini ya mwembe pale kijiweni, hesabu namjazia mimi. Barua ya posa ilishafika kwa baba yangu mdogo Kigogo, ikafunguliwa, mahari ikatajwa. Pikipiki ilipomaliza mkataba na kadi ikawa na jina lake, akaenda kuoa kwao. Mnaniuliza nilitegemea nini? Nilitegemea aliyeniona nikimshika mkono hana kitu asinipite akishapata. Sidhani kama hilo ni kubwa.

Zena_wa_Buguruni

Pole sana dada Nuru, hilo linauma. Ila la gesi nakupinga. Unampa mtu mtihani bila kumwambia yupo kwenye mtihani, halafu akifeli unamwacha. Si ndicho mleta mada anachokilalamikia?

Nuru_Tabata

Ukimwambia atajibu vizuri kwa sababu anajua anatazamwa. Mimi nataka kumjua akiwa hajajipanga.

Msaidizi_wa_Sheria

Dada Nuru, pole. Mlango upo. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 69 inaruhusu kudai fidia kwa aliyevunja ahadi ya ndoa. Kifungu cha 71 kinahusu zawadi: unaweza kudai irudishwe kama mahakama itaridhika kwamba uliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa, na ndoa haikufungwa. Ulichotoa kwa mapenzi tu, bila sharti hilo, hakirudi. Kwa hiyo ile barua ya posa na tarehe yake vina uzito. Hela ulizotoa baada ya barua zina maelezo tofauti na ulizotoa kabla.

Mtoto_wa_Vingunguti

Mbona mnazunguka? Mkikaa pamoja miezi sita si tayari ni mke? Hata bila barua.

Msaidizi_wa_Sheria

Hapana. Hiyo miezi sita inatembea mtaani lakini kwenye sheria haipo. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi, na iwe kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke. Hata hapo ni dhana tu kwamba kuna ndoa, na upande wa pili unaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuipinga. Kuna watu wamemtegemea mtu kwa hesabu ya hiyo miezi sita, wakatolewa vyombo nje.

Na kwa kuwa Mama Vitumbua ametukumbusha kwamba kazi ya mikono nayo ni mapenzi: kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Pale mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kabla ya hapo hoja ilikuwa kwamba kupika na kulea ni wajibu tu wa mke, hauhesabiki.

Fundi_Geti

Kwa hiyo huyo mama alipata nyumba?

Msaidizi_wa_Sheria

Hakupata. Hoja ilishinda, rufaa yake ikaanguka. Mahakama iliona mume alishampa hela za kuendeleza biashara ya familia naye akazitapanya. Walionufaika ni wanawake waliokuja mahakamani baada yake.

Mjukuu_wa_Pazi

Mmeleta sensa, mmeleta vifungu, lakini ugonjwa upo mahali pengine. Tumemuua mshenga.

Mshenga alikuwa anaingia nyumba zote mbili. Yale ambayo kijana anaona haya kumwambia binti, na binti anaona haya kumwambia kijana, yeye anayabeba. Huyu ana hasira, huyu hapendi kuishi na mawifi, huyu anataka aendelee na biashara yake, huyu kipato chake ni hiki. Kwetu Uzaramoni mwali alikuwa anawekwa ndani, anafundwa na somo yake, na somo habaki unyagoni. Ndoa ikiyumba yeye ndiye anaitwa.

Leo mshenga ni rafiki aliyevalishwa kanzu siku moja apeleke bahasha. Kitchen party ukumbi mzima sare, muziki mkubwa, masufuria yamepangwa, na mwali anaambiwa asimnyime mume chakula, basi. Kesho wanaanza maisha hawajui mwenzao anategemea nini. Wangejulia wapi?

Zena_wa_Buguruni

Babu, heshima yako. Lakini hayo mafundisho yalikuwa ya nani amridhishe nani? Bibi yangu alifundwa kunyamaza, kuvumilia na kutega maji ya kuoga. Yeye alitegemea nini kwa babu, hakuna aliyemuuliza.

Mjukuu_wa_Pazi

Wanaume nao walikwenda jando.

Zena_wa_Buguruni

Walifundwa kuvumilia kisu. Kumsikiliza mke walifundwa na nani?

Mama_Vitumbua

Zena mwanangu, na mimi nilifundwa. Siyo yote yalikuwa ya kunyamaza. Somo yangu alinifundisha kumwambia mume jambo gumu bila kumvunjia heshima, na wakati gani wa kulisema. Amekula, ameoga, watoto wamelala, ndipo. Hilo limenisaidia mpaka kwa wateja wangu. Yapo mengine niliyaacha kulekule.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia

Naongeza kidogo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, mwaka 1986 alieleza mapenzi kwa nguzo tatu: ukaribu, yaani kufunguliana moyo, mvuto wa mwili, na uamuzi wa kubaki na mtu. Alisema zinaweza kuwepo moja bila nyingine. Mchumba wa mleta mada ana ile ya tatu, tena imara. Ya kwanza ndiyo imepungua, na mleta mada anaisoma kama zote hazipo. Yule wa pikipiki alikuwa na ukaribu mwingi, uamuzi wa kubaki hakuwa nao.

Mtoto_wa_Vingunguti

Huyo Sternberg angekuja Vingunguti angeongeza nguzo ya nne, kodi.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia

Kodi ipo ndani ya ya tatu mkuu. Kulipa miezi sita mbele ni uamuzi wa kubaki.

Abiria_wa_Chanika

Nyote mmesahau jiji lenyewe. Mimi naishi Chanika, mwenzangu yupo Bunju. Kutoka kwangu mpaka kwake ni daladala zaidi ya moja, foleni, na kusimama njia nzima. Katikati ya wiki haiwezekani. Siku yetu ni Jumapili, na Jumapili kuna kanisa, kuna kufua, na Dar haikosi msiba. Anakopanga ni vyumba vya uani, choo cha pamoja, mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele na hataki mgeni anayelala. Kwa hiyo tunakutana Coco Beach, tunakula mihogo, saa kumi na mbili kila mtu anawahi usafiri.

Mapenzi yaliyobaki ni ya simu, ndiyo maana simu imekuwa kubwa kiasi hiki. Mama Vitumbua alikuwa analikuta jiko limewashwa kwa sababu walilala nyumba moja. Mimi mwenzangu aniwashie jiko akiwa wapi? Kwetu sisi asipopiga, hayupo kabisa. Mleta mada, dai simu yako.

Fundi_Geti

Hapa umenigusa. Mimi naishi naye, ndiyo maana mkate unaonekana.

Pwani_Njema

Na tamthilia je? Za Kituruki, za Kifilipino, zote zimetiwa sauti za Kiswahili, kila jioni sebuleni. Mwanaume wa mle ndani hana kazi nyingine, anamtazama mwanamke tu. Wadogo zangu wa kike wanamsubiri huyo, na wa kiume wameshaanza kuongea kama yeye bila kuwa na nia hata ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti.

Hesabu_Haidanganyi

Bibi zetu hawakuwa na tamthilia na waliachika vilevile.

Kimya_Kingi

Huwa nasoma tu, leo naandika. Mmejadili wanawake wanataka simu, wanaume wanatoa hela. Hakuna aliyeuliza mwanaume anategemea nini.

Nilikuwa karani kwenye ghala Kurasini. Mkataba ulipoisha hawakuniongeza. Mwenzangu sikumwambia. Kila asubuhi napiga pasi shati, naondoka, nashinda Mnazi Mmoja kwenye viti, jioni narudi kama mtu aliyetoka kazini. Akiba ilipoisha nikaanza kumkwepa, yeye akasema nina mwanamke mwingine. Siku aliyojua ukweli hakupiga kelele. Akauliza, "Na chakula cha mchana ulikuwa unakula wapi?"

Mimi ninachotegemea ni hicho. Mtu wa kuuliza kama nimekula kabla ya kuuliza nimeleta nini. Kulitamka siwezi, na wanaume wengi hawawezi, kwa sababu ukisema hivyo unaonekana huna kazi ya kufanya.

Zena_wa_Buguruni

Kaka, huyo muoe.

Kimya_Kingi

Tupo kwenye mipango. Nimepata kibarua cha kushusha makontena, siyo kizuri ila kipo.

Kisiki_cha_Mpingo

Huyo ni mmoja kati ya elfu.

Nuru_Tabata

Hesabu yako ya mara tatu imeshakataliwa, sasa unakuja na ya elfu. Kisiki, na wewe mwanamke alikufanya nini? Sema, hapa hakuna atakayekucheka.

Kisiki_cha_Mpingo

Nilisomesha mtu chuo. Ada, hosteli, kila kitu. Alipopata ajira akasema tumekuwa na mitazamo tofauti. Sitaki kuulizwa zaidi.

Nuru_Tabata

Pole sana. Basi mimi na wewe tumeumwa na nyoka mmoja.

Mama_Vitumbua

Pole mwanangu. Kuoa usikatae kwa sababu yake. Kataa kwa sababu nyingine, kama unayo.

Binti_Temeke

Nimerudi. Jana amekuja, nikafuata la somo wa Mama Vitumbua: nikasubiri ale, aoge, ndipo nikaongea. Nikamwambia wazi kwamba kodi naithamini, lakini nikiumwa nataka kusikia sauti yake.

Akakaa kimya, halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa mdogo, baba yao aliondoka, mama akashindwa kodi, mwenye nyumba akawatolea vyombo nje mchana kweupe, Manzese. Magodoro barabarani, majirani wanatazama. Anasema tangu siku ile mwanamke anayempenda hatatolewa vyombo nje, na akishalipa kodi anakuwa na amani, anaona amemaliza. Simu kwake ni maneno, na baba yao alikuwa na maneno matamu sana.

Nimemwelewa, na machozi yamenitoka. Lakini na mimi sijaacha kuitaka simu. Amesema atajaribu. Leo hajapiga bado.

Abiria_wa_Chanika

Piga wewe.

Fundi_Geti

Mpe muda, mtu hawezi kubadilika usiku mmoja. Na wewe umemuuliza kama amekula?

Pwani_Njema

Mimi bado naona muda mnampa yeye tu. Na yeye amekua sasa, siyo mtoto wa Manzese tena. Kuumia kwake hakumzuii kubonyeza simu.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia

Pwani Njema, jambo la utotoni haliondoki kwa kuambiwa umekua.

Pwani_Njema

Sijasema liondoke. Nimesema apige.

Mjukuu_wa_Pazi

Angekuwepo mshenga wa kweli, hilo la Manzese binti angelijua kabla ya pete.

Nuru_Tabata

Msaidizi wa Sheria bado upo? Hesabu nilikuwa namtumia kwa simu, miamala mingine ni ya zamani, laini ninayo ileile. Itasaidia? Na wakili siwezi kumlipa.

Msaidizi_wa_Sheria

Nipo. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu, omba taarifa ya miamala ya kipindi chote, wakugongee muhuri. Barua ya posa mwombe baba mdogo, hata nakala, na waliokuwepo ilipofunguliwa waandike majina yao. Kisha hapa Dar nenda WLAC au TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo. Usikae sana, madai yana muda wake.

Nuru_Tabata

Ahsante. Baba mdogo anasema barua ipo, shangazi aliiweka kwenye sanduku la kanga.

Mtoto_wa_Vingunguti

Mama Vitumbua, samahani kutoka nje ya mada: hamira kijiko kimoja kwa mchele kilo moja inatosha? Vya kwangu vinakaa kama mawe.

Mama_Vitumbua

Inatosha, kama unauacha uumuke mpaka ufure. Nyie mnaharakisha. Na mafuta yasiwe mengi kwenye shimo, vitanywa.